Matofali Yaliyohesabiwa Mara Mbili

Fumba, Unguja
Mwezi wa Shaaban

Kwa dada yangu Maisara, Maskati.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo dada. Natumai barua hii itakukuta mzima, goti lako limetulia, na shemegi na watoto wote wana afya. Sisi huku hatujambo kwa rehema za Mola. Wifi yako Mwatum anakusalimu sana, anasema ile kanga uliyomletea bado hajaifua, anaogopa itaondoka harufu ya udi wako.

Utashangaa kupata barua zama hizi za simu. Nampa Nassra, binti wa jirani yetu Bashira, anayekuja huko wiki hii. Kwenye simu ungeniuliza Kheir kuna nini, nami ningesema hakuna kitu, kama nilivyozoea.

Habari za huku ni ujenzi tu. Ukitoka mjini kuja kwetu utadhani umepotea njia. Malori ya matofali yanapita kutwa kwenda kwenye hayo majumba mapya, na sisi mafundi wadogo tunangoja kitakachobaki. Kila robo mwaka huja binti mmoja wa takwimu, Ilham, mtoto mwenye adabu kweli, akatukalisha barazani na kumuuliza kila fundi ana majengo gani mkononi na yamefika wapi. Wenzangu humtania kwamba yeye ndiye anayepandisha saruji, maana kila akija imepanda. Hucheka, akaandika.

Alipokuja kiangazi nilimwambia kweli. Nilisema nna nyumba ya dada yangu, msingi umekwisha, matofali ya kuta yote yako kiwanjani. Akaandika. Nawe siku ile nilikuonesha kwenye simu yalivyopangwa, ukalia kwa furaha.

Kisha zikaja mvua za vuli, ukuta wa kibla wa msikiti wetu ukaanguka. Alhamdulillahi hapakuwa na mtu ndani. Ijumaa ile tulisali uani juu ya mikeka. Baada ya sala Sheikh Mudrik akauliza nani anaweza kupata matofali, kwa sababu kila mfyatuaji aliyemwendea amemwambia angoje mpaka baada ya Iddi. Mimi, dada yangu, nikainua mkono, nikasema yapo. Sikusema ya nani. Watu wakaleta takbiri, na moyoni nikaona raha ambayo sasa naogopa hata kuikumbuka.

Nilijiambia nayaazima tu. Nilidhani kabla hujajua nitakuwa nshayarudisha. Nikahangaika kutoka Darajani mpaka Kiembe Samaki, na kila nilipouliza naambiwa mzigo umeshawekwa na watu wa majumba mapya. Nawe huko unataka picha.

Ile picha niliyokutumia, uliyowaonesha wenzio wote, si nyumba yako. Ni mgongo wa msikiti. Uliniuliza ile sehemu iliyotokeza kwa nje ni ya nini, nikakujibu ni pa kuweka kabati lako la vyombo. Dada, ile ni mihrabu, anaposimama imamu. Astaghfirullah. Nimeiita mihrabu kabati la vyombo ili uongo wangu usimame.

Na haukuishia kwako. Ilham aliporudi baada ya vuli nilimtajia msikiti, umekwisha. Akauliza, na ile nyumba ya dada? Mwatum alikuwa mlangoni anasikiliza, naye nilikuwa nshamwambia kama nilivyokwambia wewe. Nikasema imefika linta, juu ya milango na madirisha. Basi matofali yaleyale yameandikwa mara mbili, mara ni nyumba, mara ni msikiti. Redio iliposema ujenzi umepanda tena robo ile, ulinipigia ukicheka, ukasema hata nyumba yako imo humo. Nilicheka nawe. Baada ya hapo sikuweza kula.

Tangu ukuta uishe sijasali ndani. Nakaa uani, nikiulizwa nasema ndani kuna joto. Sheikh Mudrik akawa ananiombea dua kwa jina langu kila Ijumaa, mpaka nikashindwa, nikamfuata nyumbani kwake nikamweleza. Hakunikaripia. Akasema, "Mwenye mali ndiye mwenye neno. Mimi sina, na wewe huna."

Nikarudi nikamwambia Mwatum. Naye alisema neno moja tu, akaendelea kuchambua mchele.

"Ungemuomba, angekupa."

Hilo ndilo linaloniamsha. Mimi nakujua. Ungenipa, na ungenishukuru kwa kukukumbuka katika kheri. Mimi nikachukua kwa siri kitu ambacho kilikuwa changu kwa kuomba, nikakunyima thawabu zako ili takbiri zile ziwe zangu.

Sikuandikii ili uridhie. Najua nimekubana pabaya. Nani atathubutu kusema msikiti ubomolewe, na Ramadhani hii imefika? Kwa hiyo usinijibu juu ya msikiti. Nijibu juu yangu. Nshaanza kubomoa vile vyumba viwili vyangu vya uani nilivyovijenga mwaka juzi, natoa tofali moja moja kwa patasi yasivunjike, na Mwatum anayapanga. Yaliyo mazima yatakwenda kiwanjani kwako. Hayatatosha. Ukija baada ya Iddi utakuta kuta zimefika kiunoni, basi, na utalala kwetu, chumbani mwetu, sisi tutalala ukumbini. Ukitaka kulala kwa mwengine usione vibaya kwangu.

Ijumaa iliyopita Sheikh hakutaja jina langu. Alimuombea mwenye matofali, hakusema zaidi. Watu wakaitikia amina huku wamegeuka kunitazama mimi uani, wananitabasamia. Nami nikainua mikono nikaitikia amina pamoja nao, kwa sababu dua ile ilikuwa yako.

Wasalimie wote nyumbani, mdogo na mkubwa. Mwenyezi Mungu akuhifadhi safarini na atukutanishe kwa kheri. Juzi uliponipigia nilikuwa nimeishika simu mkononi inalia, sikupokea. Ukishaisoma barua hii piga wakati wowote. Nitapokea.

Mdogo wako mkosa,
Kheir