Maua Yangu Yamefunika Tangazo la Daktari wa Macho

Shangazi, shikamoo. Naomba unishike mkono kabla cherehani haijanishonea vidole, maana mwili wangu uko kazini lakini akili iko kwa baba mkwe, ambaye siku hizi ananijibu kwa kichwa tu, akikubali anakiinamisha, akikataa anakitikisa, na chai anakwenda kuinywa peke yake barazani akitazama ukuta wa jirani kana kwamba umeandikwa kitu.

Mimi ni fundi wa nguo za kike, na kanisani kwetu ndimi ninayetengeneza kijarida cha kila mwezi, karatasi moja inayokunjwa katikati ikawa kurasa nne. Kazi hii nilipewa na mchungaji, alisema mtu anayeshona magauni namna ile hawezi kushindwa na karatasi, nami kichwa kikavimba, nikaazima kompyuta ya mume wangu nikaanza. Nakipamba, Shangazi, sikufichi, waridi pembeni, njiwa juu, herufi za kila namna, nyingine zimelala, nyingine nene, nyingine zina kivuli, na pembe yoyote iliyobaki wazi naitia ua, kwa sababu mimi nafasi tupu naiona kama nguo iliyochanika.

Sasa shida ni baba mkwe. Ni mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa, na ukurasa wa kwanza ni wake tangu kijarida kianze, unaitwa Salamu za Mzee, anamshukuru Mungu, anamsalimu mchungaji, mke wa mchungaji, wazee wenzake, kina mama, vijana, wanakwaya wa sauti ya kwanza, wa sauti ya pili, mpaka mpiga kinanda, kisha anagusia mvua, kisha wagonjwa, na akifika kwenye jambo lenyewe ukurasa umekwisha anahamia wa pili. Mwezi uliopita tukawa tunaletewa daktari wa macho ukumbini, apime watu bure, na mchungaji akanisisitizia tangazo lisikose kwa kuwa yeye anasafiri. Nafasi hakuna, nikashika mkasi, salamu nikazikata nusu bila kumwambia mwenyewe, nikajisemea hataona, na tangazo nikalipenyeza ukurasa wa nne, chini kabisa, ndani ya taji la waridi, kwa herufi ndogo ili maua yasibanwe. Aliyeongoza ibada naye akasema tu kwamba mengine yote yamo kwenye kijarida, akatubariki tukaenda zetu.

Siku ilipofika, mlinzi wa kanisa ndiye aliyenihadithia, ukumbini kulikuwa na viti vimepangwa safu kwa safu, daktari, lile bango lake la herufi ukutani, na mtu mmoja. Baba mkwe. Alikuwa amekipitia kijarida kizima kwa lenzi akitafuta nusu ya salamu zake, akafika mpaka kwenye waridi akakutana na tangazo. Akapimwa, akapewa miwani, halafu hakuondoka, akakaa anapiga soga na daktari mpaka daktari alipofunga vitu vyake. Nyumbani mama mkwe akamwuliza, "Watu walikuwaje huko?" Mzee akasema, "Daktari ni mtu mwema sana," akaomba maji ya kunywa.

Daktari amekubali kurudi mwezi huu. Kijarida kinatakiwa kwa mchapaji Ijumaa, na jana nimekuta salamu mpya zimewekwa juu ya cherehani yangu bila neno, ndefu kuliko zote alizowahi kuandika. Mume wangu anasema, "Yamalizeni wenyewe, mimi simo." Nikizichapa zote daktari atakaa na viti tena, na kuna kina bibi pale kanisani wanashika kitabu cha nyimbo kichwa chini na kuimba. Nikizikata, naogopa mzee hataniita tena mwanangu, na Shangazi, mimi nilikua bila baba, huyu ndiye niliyempata. Mzee anaambiwaje kwamba salamu zake ni ndefu?

Fundi Niliyekwama

*

Marahaba, mwanangu Fundi.

Nimeisoma barua yako mpaka mwisho, na haikuwa kazi rahisi. Umeniandikia kurasa tano za karatasi yenye maua pembeni, na swali lako nimelikuta limejibanza chini ya ua la mwisho. Ningekuwa na haraka kidogo ningekujibu habari za njiwa.

Pole kwa chai ya barazani, najua inavyouma kunyimwa salamu na mtu unayempenda. Lakini hebu tuambiane ukweli. Ulipokosa nafasi, mkasi ulikwenda moja kwa moja kwenye maneno ya mzee. Mbona haukupita kwenye waridi? Yeye amejaza ukurasa kwa anachokipenda na wewe umejaza kwa unachokipenda, ila aliyekatwa ni mmoja, na njiwa wako wote wako salama salimini.

Wewe ni fundi. Mteja akiingia dukani kwako humkatii kitambaa kabla hujampima. Sasa kijarida hicho anakivaa nani? Ni bibi wa safu ya nyuma ambaye macho yake yamechoka. Ni mama mwenye mtoto mgongoni, anayekitupia jicho mara moja kisha anakikunja kujipepea. Hao ndio wa kupimwa. Na gauni lenye marinda, lesi, vifungo vya dhahabu na mkanda vyote pamoja wewe mwenyewe huwezi kulitundika dukani kwako, watu wangekucheka.

Kwa hiyo daktari anahamia ukurasa wa kwanza, juu kabisa. Andika anakuja nani, siku gani, saa ngapi, wapi, na kwamba ni bure. Basi, usiongeze. Herufi ziwe kubwa na wazi, namna moja kwa vichwa vya habari na nyingine kwa maelezo, hizo zenye kivuli zikapumzike. Ua bakisha moja. Nafasi tupu haijachanika, ni mahali pa jicho kupumzika, na wewe unajua gauni lisilompa mtu nafasi ya kupumua linaishia wapi. Halafu mshike atakayeongoza ibada kabla hajaingia, akuahidi kulisoma tangazo kwa sauti. Kijarida hakina mdomo.

Sasa tuje kwa baba mkwe. Wewe umeona mtu aliyenuna. Mimi naona mtu aliyekuwa na kila sababu ya kukusema, amekatwa maneno yake, amekuta ukumbi mtupu, na mkewe amemwuliza waziwazi. Angejibu kwamba hakuna aliyekuja kwa sababu mkwe wao kaficha tangazo kwenye maua. Hakukutaja. Tena alikaa pale mpaka mwisho ili mgeni asibaki peke yake kwa kosa lako. Mwanangu, mtu hamsitiri hivyo mtoto wa watu. Ndiyo maana nimekucheka kidogo nilipofika pale unapoogopa hatakuita mwanae.

Leo hii chukua vikombe viwili, mfuate barazani, ukae. Mwambie, "Baba, nilikosea kukata maneno yako bila kukuuliza." Unyamaze hapo. Usiipambe. Akishakunywa, mwombe aandike kile alichokiona ukumbini siku ile, viti, daktari na yeye, kwa nusu ukurasa, ikae chini ya tangazo. Mwalimu mzima akipewa nusu ukurasa na jambo la kusimulia anajua la kufanya, na kanisa zima anaweza kulisalimu kwa mstari mmoja. Mkimaliza, ubandike ukurasa ukutani, avue hiyo miwani mipya, akae kitini pake alisome tangazo. Asipoliona, kuzeni herufi. Mengine ayasome na miwani yake, na popote atakapokwama pakatwe, pawe pa kwake au pa kwako. Mkasi ashike yeye.

Siku ya daktari nendeni pamoja, lakini msiende mapema. Nataka baba mkwe wako afike ukumbini akose kiti.

Shangazi yako