Ndoo Haitoki

Point, Durban,
Afrika Kusini.
Jumapili, 29 Machi 1998

Mpendwa Shangazi Godelive,

Hujambo wewe na nyumba nzima hapo Kigoma? Goti limepata nafuu, au bado unalificha ili usipelekwe hospitali? Mimi ni mzima, hata nimenenepa. Ila nina hasira, na leo utaisikia yote.

Unakumbuka ulivyonifundisha kuloweka mihogo, siku tatu, mpaka ivunjike kwa vidole? Ndiyo inayoniweka mjini. Nanunua mihogo kwa akina mama wa Msumbiji, naloweka kwenye ndoo hapa roshani, natengeneza kwanga, ile mikate yetu ya mihogo, na Wakongo wanaolinda magari South Beach wananisubiri kila wiki. Bila kwanga sina chumba.

Sasa msimamizi wa jengo letu, Steve, Mkongo mwenzetu, mtoto wa Lubumbashi kabisa, amebandika tangazo kwamba kuloweka ni marufuku. Mwenye jengo anakuja Jumanne, kwa hiyo ndoo itoke au nitoke mimi. Alinisimamisha kwenye ngazi mbele ya majirani: "Dada Marcelline, hapa si village. Ile seau inanuka, eish. Bazungu habalowekake bintu mpaka inaoza." Na yeye amelelewa kwa kwanga, Shangazi. Maneno hayo yaliniuma kuliko tangazo lenyewe.

Lakini safari hii amekutana na mtu mwenye kitabu. Bibi ninayemfanyia usafi Glenwood alinipa kamusi yake kuukuu ya Kiingereza, maana wajukuu hawaitaki. Nilianza kutafuta maneno ya maji, kwa kuwa kazi zangu zote ni za maji: kufua, kudeki, kuloweka. Kumbe Waingereza wa zamani hawakuwa wachoyo wa maneno. Kulowa chapachapa waliita "drouk". Kulowesha kitu tu, "madefy". Yamezeeka hata bibi mwenyewe hayajui. Alicheka mpaka akakaa chini nilipomwambia nimeshalimadefy tambara la kudekia.

Halafu nikakuta "ret": kuloweka mmea wa kitani majini siku nyingi mpaka uoze, nyuzi ziachane. Mpaka uoze, Shangazi. Mababu zao walivumilia harufu kama yetu, ndipo wakapata mashuka.

Juzi nilimshukia Steve na kamusi mkononi, nikamsomea polepole, majirani wakisikia. Akasema, "C'est bon, maman, lakini patron atakuja tu." Nikachukua kalamu, nikaandika neno hilo na maana yake chini ya tangazo lake. Mpaka leo hajalifuta.

Ndoo siifichi. Nimeongeza ya pili. Jumanne zote mbili zitakuwa mlangoni, kamusi juu ya mfuniko, na anayetaka nihame asome kwanza. Huenda nikafukuzwa kweli, na naogopa, sikudanganyi. Ila kuomba radhi kwa chakula chetu, hapana.

Nisalimie Baba Protas, na Marie-Claire pia. Mwambie kwamba mtoto wake sijamwona hata kwenye picha. Mungu akutunze na goti lako. Wala usiniombee upole, nakujua. Niombee mihogo ilainike kabla ya Jumanne, hata kama barua itakufikia baadaye.

Utaona kona ya karatasi imelowa. Usije ukadhani nilikuwa nalia. Nilitoka kuijaribu mihogo kwa vidole.

Mwanao akupendaye, asiyehama,
Marcelline