Waya Kwenye Kikapu cha Mkate

Jumatano, 27 Machi

Sabatino kanunua gari. Eti gari! Kisanduku cha umeme, viti viwili, kimya kama kimenuna. Gereji hatuna, tunakaa ghorofa ya tatu, basi mume wangu kateremsha waya kutoka roshani — ndani ya kikapu changu, kile ninachopandishia mkate! Ersilia wa ghorofa ya chini kachungulia: shoga, utakinyonyesha mpaka lini? Nimecheka. Lakini mkate nimeufuata mwenyewe, kwa lifti yetu yenye kwikwi.

Alhamisi, 28 Machi

Kigari hakina sauti. Kimemtokea padri kwa nyuma, padri karuka na kutamka neno lisilo la Juma Kuu. Sasa Sabatino anaendesha huku anaimba, watu wasikie. Napoli nzima itajua hajui kuimba.

Mchana Nunziata kapiga simu. Dada yangu! Miaka minne hajakanyaga hapa, tangu alipotangaza mbele ya wakwe zangu kwamba pastiera yangu, keki ya Pasaka, ni mbichi katikati. Nami nikamfungulia mlango aende zake. Mama tulikuwa tumemzika mwezi huohuo. Sasa anasema magoti hayataki kupanda basi, ila akifuatwa Jumamosi atakuja. Sauti imezeeka. Nililia kidogo jikoni.

Ijumaa Kuu, 29 Machi

Mita haibebi oveni na kigari kwa pamoja. Nimejaribu mara mbili — giza! Nikamwambia Sabatino achague, gari au Pasaka. Akasema gari ndilo litakalomleta dada yako. Hapo kanishika. Tumekubaliana: usiku gari linywe umeme, asubuhi iokwe pastiera.

Jumamosi, 30 Machi

Kosa ni langu. Jana jioni nilichomoa waya ili kikapu kinipandishie jibini, na sikuurudisha. Sabatino kaondoka bila kutazama, anaimba.

Wamefika — karibu wafike! Kigari kimezima chini ya roshani yangu, ukuta upande huu, gari la samaki upande ule. Milango haifunguki. Breki imekamata, hakisukumiki. Muuza samaki anapiga honi, watu sita wanatoa ushauri. Umeme wa jirani? Kila oveni ya mtaa ina pastiera leo. Roshani zote zimejifunga ghafla. Ersilia kaapa yake ndiyo kwanza inashika rangi.

Nunziata katoa kichwa dirishani.

— Tinuccia! Teremsha waya, naiva humu!

— Oveni itazima! Bado nusu saa! Itatoka mbichi!

Nunziata kajipepea kwa mkono.

— Si nimeshazoea!

Mtaa mzima umecheka, hata muuza samaki. Mimi nimerudi ndani, nimekaa mbele ya oveni, plagi mapajani. Pastiera imeanza kuumuka vizuri, haijawahi kuumuka hivi. Nikichomeka, atakuwa amesema kweli miaka yote minne.

Anaita tena. Tinuccia, Tinuccia. Tangu Mama afe hakuna aliyeniita hivyo. Dakika ishirini na tano. Kikapu nimeshakivuta karibu, na waya naushusha: mbichi na iwe mbichi.