Leo Samaki Utauza Wewe

Gracien,

Sombe iko mu sufuria, uipashe moto umupe Mama saa sita. Usiongeze chumvi, unajua presha yake. Leo ni siku ya soko Mpondwe. Funguo ya kibanda iko kando ya redio. Samaki ya Katunguru uianike kwanza, isiingie unyevu. Mikono itanuka mpaka kesho. Yangu inanuka tangu niache sekondari.

Asubuhi hii nimesoma kopi ya maombi yangu ya shule ya biashara, ile ulinijazia nikiwa sokoni, ukatuma bila kunionyesha. Pale banauliza nani alianzisha biashara, umeandika jina yako. Mimi, eti "anasaidia kaka yake." Nilipokuamusha nikuulize, ukacheka: shule inaamini zaidi biashara ya mwanaume. Kwa sababu unaitwa pia Paluku, jina ya mutoto mwanaume wa kwanza, basi hata jasho yangu ni yako?

~~Sitakusamehe kabisa.~~ Nitafikiria.

Nimepigia shule simu. Mama anayepokea simu mu biro yao amesema nisitume maombi mapya. Nilete barua fupi inayosema kosa iko wapi na ukweli ni nini, pamoja na namba ya mutu wa kushuhudia. Ndiyo ninapeleka shuleni Kasese sasa.

Mutu huyo ni wewe. Batakupigia leo, ukiwa kibandani katikati ya bamama wote wa samaki. Mutandao pale iko mubaya, kwa hiyo itabidi ujibu kwa sauti kubwa: "Biashara ni ya Marlène. Mimi ninamusaidia tu."

Dada yako mudogo