Ndege wa Nasra na neno radhi

Jumatano, Agosti inakatika. Mvua ya manyunyu tangu alfajiri, ile isiyonyesha ikamaliza wala isiyoacha.

Mkwe wangu aliyenifungulia ukurasa huu wa mtandaoni aliniambia shajara ni kuandika kama unayesema peke yako, huna haja ya kumwamkia mtu. Nimejaribu hivyo, kidole hakiendi. Mie nimefunzwa kuwa kuanza maneno bila ya salamu ni utovu wa adabu, na nyumbani Pemba najua mnasoma. Basi niacheni nisalimie kwanza, shajara itanisamehe.

Shikamoo mama yangu Bi Mize. Najua Riziki ndiye anayekusomea, mwambie asome pole pole na asiruke maneno. Kaka Hamadi, mguu unaendeleaje? Wifi Mgeni, nakusalimu wewe na jiko lako, harufu ya jiko lile naisikia mpaka huku. Dada Mwanakheri, salamu kwako na kwa wanao mmoja mmoja, hata yule asiyependa kusalimiwa. Bi Hidaya jirani, nakubusu mikono. Riziki, wewe nakusalimu mwisho kwa sababu simu unayo wewe. Na paka wa jikoni, kama bado yu hai.

Mie huku ni mzima. Naamka, nasali, nakula, nalala. Kinachonisumbua hakina homa.

Nyumba ni kubwa, jamani.

Mnajua nafanya kazi jikoni mwa skuli. Sasa ni likizo, watoto wote wamekwenda makwao, na mikono yangu iliyozoea kupakua kwa ajili ya foleni nzima haina wa kumpakulia. Mwanangu Mbarak na mkewe na watoto wako Great Barr, upande mwingine wa mji, huja Jumapili. Jumapili ikiondoka, huku Hodge Hill hubaki mie, na friji ambalo linanguruma kama linataka kunihadithia kitu. Na sahani ya Nasra.

Hiyo sahani nitaieleza. Kwanza nieleze ndege.

Mwezi wa nne binti yangu Nasra aliniambia amepata kazi kisiwani, huko pwani ya Wales, kuhesabu pafini. Mie nikasikia mafini, zile keki za kwenye vikaratasi. Nikajiuliza, miaka yote ile ya chuo mtoto akahesabu keki? Nikamwambia hata Mama Abdi, rafiki yangu mwenye duka la nguo pale Alum Rock, kwamba Nasra kapata kazi ya mikate. Akanipongeza. Wiki nzima tukaipongeza hiyo mikate, mpaka Nasra aliponiletea picha.

Kumbe ni ndege. Mdogo, wa kiasi cha njiwa, mgongo mweusi, tumbo jeupe, miguu ya rangi ya chungwa, na mdomo mpana wa marangirangi kama kapakwa siku ya sikukuu. Uso wake una huzuni lakini, kama bibi harusi aliyekumbuka kwao.

Kwa Kiswahili sina jina lake. Nilimwita kasuku wa bahari, Nasra akacheka akasema, kwa Kiingereza chake, kwamba hata wazungu wapo wanaomwita hivyo.

Katika miezi hiyo tumeongea kuhusu ndege huyu kuliko tulivyowahi kuongea kuhusu jambo lolote. Mtandao kisiwani ni wa kubahatisha, lakini akipata alama mbili tatu hunipigia akiwa juu ya jiwe, upepo unavuma, ananieleza nami nauliza. Nasra tangu mdogo nikimsemesha Kiswahili hujibu Kiingereza. Ndiyo hali ya watoto wa hapa, mama anakwenda na lugha yake na mtoto anakwenda na yake, wanakutana jikoni.

Pafini hutaga yai moja tu, ndani ya shimo ardhini. Kinda linakaa humo gizani, na baba na mama wanapokezana kwenda baharini. Wanapiga mbizi wakiruka kwa mabawa chini ya maji kama wengine wanavyoruka hewani. Wanatafuta visamaki vyembamba, mie nikiviona kwenye picha nasema ni chuchunge wachanga. Na wanavibeba mdomoni vimelala kwa upana, kichwa huku mkia huku, vingi kwa mpigo mmoja. Nikamwuliza Nasra, sasa akiufungua mdomo kumkamata mwingine, wa kwanza hawaanguki? Akasema hapana, ulimi wake unawabana juu kwenye kaakaa lenye miiba miiba.

Nikasema, basi huo ni mtungo. Nikamweleza marehemu babu yake alivyokuwa akirudi sokoni jioni na samaki wametungwa kwenye ukuti, ukuti umening'inia kidoleni, sisi watoto tunamkimbilia. Nasra akalipenda neno. Sasa kisiwani wenzake wote wanasema mtungo, kwa ndimi zao hizo za kizungu. Nilipomsikia kijana mmoja nyuma yake akisema "big mtungo" nilicheka mpaka nikakaa chini.

Jambo jingine aliloniambia sikulicheka. Chakula chake mwenyewe, pafini hukila huko huko chini ya maji, akakimeza. Wale wa mdomoni wote ni wa mtoto.

Nawajua mama wa namna hiyo.

Sasa sahani. Mama yangu, wewe ndiye uliyenifunza kuwa aliye njiani huwekewa. Kila nikipika usiku napakua mara mbili. Changu nakula. Cha Nasra nakifunika kwa lile kawa ulilonisukia, na kesho yake mchana nakila mie, kimepoa. Tangu aondoke mchana wangu wote ni kiporo cha Nasra. Sijamwambia mtu, nawaambia nyinyi.

Basi jana jioni, baada ya magharibi, imeingia sauti ya Nasra kwenye simu. Ndefu, kwa Kiingereza, upepo unamkata. Kisiwani wanafunga kazi. Pafini wameshaondoka wote. Wakimaliza kulea hawabaki nchi kavu hata siku, wanatawanyika baharini, kila mmoja kivyake, wengine mpaka karibu na Greenland. Huko wanaacha rangi zote za mdomo, uso unakuwa wa kijivu, na kuna kipindi mbawa zinanyonyoka hata kuruka hawawezi. Wanaelea tu juu ya maji meusi, wanakula walichojaaliwa, uduvi na vidudu vya bahari, wanakunywa maji hayo hayo ya chumvi. Na makinda hayarudi nchi kavu miaka miwili, mitatu.

Watafiti wana meli inayokwenda kuwatafuta huko, msimu wote wa baridi. Nasra amepewa nafasi. Meli inaondoka Ijumaa.

Halafu mwisho kabisa nikausikia upepo peke yake, na mtoto wangu asiyenijibu Kiswahili akasema:

"Mama, naomba radhi."

Mnaona mambo. Neno ni moja, mlango wake ni miwili. Mtu akimkanyaga mwenzake huomba radhi, maana yake nimekosa, nisamehe. Na mtoto akitaka kusafiri humwomba mzazi radhi, maana yake nibariki, usiponibariki siendi. Na yote mawili Nasra kayajua kwangu. Akivunja kikombe cha kaka yake nilikuwa namwambia, mwombe radhi. Akienda kwenye mtihani nilikuwa namshika kichwa namwambia, nenda, radhi zangu unazo.

Sasa kanipa ipi?

Kama ni ile ya kwanza, basi keshaamua, ananipoza tu. Kama ni ya pili, basi amesimama juu ya jiwe lake anangoja. Nimemsikiliza tena na tena, sauti haisemi. Nikampigia, hapatikani.

Na nitawaambia lililonipitia moyoni, maana mkwe wangu kasema shajara haitaki uongo. Nikaona kuwa kama ni ile ya pili, mie sina haja ya kusema hapana. Nikinyamaza inatosha. Ijumaa itapita, meli itaondoka, na Nasra atarudi Hodge Hill na begi lake, atalala chumbani mwake, atakula chakula cha moto. Nami nitasema, masikini, mtandao ulisumbua.

Nikaliona hilo, na likanipendeza.

Leo mchana nimekaa mbele ya sahani, kawa limefunika, sijalifunua bado. Wali wa nazi na mchuzi wa nguru. Mlango ukagongwa, Mama Abdi huyo, amelowa, amefunga duka mapema kwa sababu mvua imefukuza wateja. Mama Abdi ni Msomali wa Mombasa, Kiswahili chake ni cha kule na hana haya nacho. Akavua viatu, akakaa, akalitazama kawa.

"Hii chakula inangojea nani?"

Nikamwambia ni ya Nasra.

"Nasra si yuko kwa mafini yake huko?" Akalifunua. "Mama Nasra, asiyekuwepo na lake halipo."

Akanawa, akaanza kula. Mie nikasimama pale kama niliyevuliwa mtandio. Nasra alinieleza kuwa pafini akirudi na mtungo wake, ndege shakwe humvizia mlangoni mwa shimo, akampokonya samaki wa mtoto. Nikasema moyoni, shakwe huyu kaingia kwangu, na nimemfungulia mwenyewe. Nikaenda kwenye sinki kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Alipokaribia kumaliza nikamweleza habari ya jana, mgongo nimempa. Meli, Ijumaa, radhi isiyojulikana ipi. Sikumweleza wazo langu la kunyamaza, lakini nadhani aliliona mgongoni. Nilidhani atanitania, maana ndiyo kazi yake.

"Mimi wangu hakuniuliza," akasema. "Picha ya harusi niliiona kwa simu ya mtu, hapo dukani, nikipima mteja buibui. Nikamaliza kupima."

Miaka yote tumejuana na hilo sikulijua. Nilijua tu ana binti Leicester.

"Hata kama ni ile ya samahani," akasema, "mimi ningeichukua hiyo ya samahani."

Kisha akamaliza wali, akasema umepungua chumvi. Nikamwambia shakwe hana haki ya kulalamikia chumvi. Hakuelewa, nikamweleza, akacheka mpaka akapaliwa. Alipoondoka alinioshea sahani na kuniwekea kawa juu ya friji, juu kabisa, siwezi kulifikia bila kiti.

Nimebaki nikiwaza kinda. Nasra alinieleza linavyoondoka. Siku moja linajisikia limeshiba ulezi, linangoja giza ili shakwe wasilione, linatoka shimoni kwa miguu yake, linakwenda baharini peke yake. Halimuagi mtu. Zamani watu walisema baba na mama ndio wanaolitupa. Si kweli, alisema Nasra. Wapo wazazi wanaokuja asubuhi na mtungo wao, samaki wamejaa mdomoni, wanaingia shimoni, hakuna mtu.

Nilimwuliza siku ile, sasa wale samaki anawafanyaje? Akasema hajui, pengine huwaangusha, pengine huwala mwenyewe.

Kinda la pafini haliombi radhi. Ya kusamehewa haliombi, ya kubarikiwa haliombi. Langu limeomba, tena kwa lugha yangu, limeitafuta katika upepo wote ule.

Nikaichukua simu. Nilitaka kusema maneno mengi, nikayasema machache, sauti ikanitoka ndogo.

"Nasra mwanangu, radhi nimekupa. Nenda. Mungu akupeleke na akurudishe. Vaa soksi mbili."

Maana nimeona jibu la milango yote miwili ni hilo hilo. Kama alikosa, nimemsamehe. Kama aliomba baraka, anazo. Alikusudia ipi nitamuuliza akirudi, au nisimuulize.

Nimeutuma ujumbe. Una tiki moja. Tiki moja maana yake umetoka kwangu na haujafika kwake, uko baina, sijui wapi, labda unaelea na wale ndege. Tangu alasiri naitazama hiyo tiki. Leo ni Jumatano, na meli ni Ijumaa, na mtoto kama anangoja, bado anangoja.

Jioni nimepika kidogo. Mkono ukapakua mara mbili wenyewe, nikarudisha sufuriani.

Mama, mwombee mjukuu wako apate mtandao, dua yako ya kwanza leo iwe hiyo, dua ya bahari ije baadaye. Kaka Hamadi, nijulishe ya mguu. Riziki, ukishamsomea bibi usiiweke simu pembeni, nijibu hapo hapo hata neno moja.

Na wewe Nasra, ikiwa umekaa juu ya jiwe lako na alama zimerudi na unasoma hapa kabla ya kunisikia, usingoje tena. Umepewa. Ila nijibu upesi mama, hata kwa Kiingereza.