Waridi la Mama Mkwe na Mkasi Wangu

Bibi yetu wa gazetini, shikamoo. Naomba unishike mkono kwa hili, maana limenikaa rohoni na humu ndani sina wa kumwambia.

Mimi ni mshonaji, nashonea nyumbani, cherehani yangu iko chumba cha mbele, na mama mkwe wangu anaishi nasi tangu macho yake yalipoanza kufifia mpaka sasa haoni kitu ila mwanga wa dirisha, na siku mume wangu alipokwenda kumchukua alikataa kabisa kupanda gari mpaka waridi lake ling'olewe liende naye, akasema, "Mkinichukua mimi peke yangu mtakuwa mmechukua nusu," basi wakalichimba na udongo wake, wakalifunga kwa gunia lililoloweshwa, tukalipanda chini ya dirisha la chumba chake. Ni waridi la kizamani, alipewa na mama mkwe wake yeye alipoolewa, maua yake ni ya pinki iliyopauka, yamejaa kama sketi ya marinda, na anasema likichanua harufu inaingia mpaka kwenye shuka, na kwa kuwa sasa hana cha kutazama, Bibi, hiyo harufu ndiyo anayoingojea.

Nami nikaapa litachanua kwangu kuliko lilivyochanua kwake. Nikalimwagilia asubuhi na jioni, nikalitia mbolea ya dukani, na kila nikimaliza kushona natoka na mkasi wangu nalinyoosha, kwa sababu matawi yake marefu yanaruka ovyo huku na huku na mimi siwezi kuona uzi unaning'inia nikauacha, hata Mama hutania wageni, "Mkwe wangu huyu mikono haitulii, ukikaa karibu naye muda mrefu atakupima." Sasa limekuwa duara safi, kama limekatwa kwa patani, ile karatasi ya kukatia nguo. Ila halichanui. Mwaka wa kwanza nilisema ni uchovu wa safari, mwaka wa pili nao umepita, majani tu, na kila asubuhi Mama anafungua dirisha, ananusa, anauliza, "Mwanangu, bado?" nami najibu, "Bado, Mama," na mume wangu akipita kwenda karakana anasema, "Huo ni mti wa miiba tu, ung'oeni tufunge kamba ya nguo."

Sasa Bibi, hapa ndipo penye aibu. Muuza miche aliniambia, "Hilo lako limezeeka, dada, chukua hili jipya, jekundu, linachanua mwaka mzima," nikalichukua likiwa kwenye chungu na maua yake, kumbe halinukii hata kidogo, ukilinusa ni kama unanusa karatasi, basi nikalinyunyizia marashi, nikaliweka pale dirishani nje, nikaita, "Mama, njoo, limechanua!" Akaja akipapasa ukuta, anacheka kama msichana, akainama akanusa, akashika ua, vidole vikateremka kwenye shina, taratibu, mpaka chini, wala hakuchomwa na kitu, kisha akasema, "Asante, mwanangu, umehangaika sana," akarudi ndani. Nikajua nimemfurahisha. Lakini jioni ile ile nikamsikia anamuuliza mume wangu kama kile chumba cha nyuma kwa mdogo wake, mjomba wa mume wangu, bado kiko wazi, na tangu siku hiyo dirisha hafungui, na ile "bado?" yake siisikii tena, na mume wangu anasema ni uzee tu huo.

Muuza miche anakuja mwisho wa mwezi kuling'oa la zamani na kulipanda jipya mahali pake. Bibi, niendelee hivyo hivyo Mama asijue, maana akijua waridi lake limeshindikana atavunjika moyo? Na mbona anataka kuondoka, wakati sijamkosea kwa lolote na nampenda kama aliyenizaa?

Mshonaji wa chumba cha mbele


BIBI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu mshonaji.

Barua yako nimesomewa, nikaomba nirudiwe pale penye marashi, maana niliona masikio yananidanganya. Marashi, mwanangu? Kwenye ua? Nimecheka mpaka chai ikanimwagikia mapajani. Halafu tukafika kwenye dirisha lililofungwa, nikaweka kikombe chini.

Moyo wako ni mzuri, hilo sibishani na mtu. Ni mikono yako ndiyo haina breki.

Unauliza uendelee Mama asijue. Asijue nini tena? Alijua palepale. Wewe mwenyewe umeandika kwamba hakuchomwa na kitu, ukapita mbio kama mtu aliyekanyaga kaa la moto. Waridi la kizamani la aina hiyo limejaa vimiiba shina zima, kama brashi ya kusugulia sakafu, huligusi likakuacha salama. Mwanamke ameishi na miiba hiyo tangu ujana wake, leo mkono wake unateremka kwenye shina laini, wewe ulidhani anawaza nini? Aliona lake limekufa, au limetupwa, na nyinyi mmemletea la kumtuliza kama mtoto anayelilia kijiko. Akajiuliza, kama waridi langu limeondolewa kimya kimya, mimi zamu yangu ni lini? Ndiyo maana anaulizia chumba cha mdogo wake. Anataka atoke kwa miguu yake kabla hajatolewa. Uzee! Mwambie mumeo uzee hauulizi chumba.

Na kuna jingine. Yaliyozimika ni macho, masikio yake ni mazima. Huo mkasi wako anausikia kila ukitoka nao, kwacha, kwacha, chini ya dirisha lake, na anajua barabara unakata nini. Kwa nini hakukwambia? Kwa sababu yuko kwako. Mwanamke aliyekuwa na jiko lake na ufunguo wake kiunoni, akihamia kwa mkwe, anajifunza kumeza maneno. Mimi mwenyewe naishi kwa mkwe wangu. Mtoto yule anatia chumvi mpaka ulimi unajikunja, nami nasema asante, nakunywa maji. Leo ndiyo atajua, akisoma hapa.

Waridi lako haliumwi na wala halijazeeka. Maua hayo ya kizamani huchanua mara moja kwa mwaka, baridi ikiisha, yanakupa wiki chache za kulewa harufu, kisha basi, yanapumzika kama mzazi. Si kama hilo jekundu lako linalochekea kila anayepita. Tena huchanua kwenye matawi ya mwaka uliopita, yale yale marefu yanayoruka ovyo, yale uliyoyaona kama nyuzi zinazoning'inia. Kila ulipoyakata, ulikata maua ya mwakani. Hukuwa unapunguza pindo, mwanangu. Ulikuwa unakata nguo.

Sasa nyamaza nikuelekeze.

Huyo muuza miche mwambie asikanyage kwako na jembe. Jekundu usilitupe, halina kosa, liweke chumba cha mbele wateja walitazame wakipimwa. Halafu leo hii, usingoje hata suruali ya mtu iishe pindo, ingia chumbani kwa Mama, keti chini, umwambie yote. Mkasi, muuza miche, marashi, yote. Usilie sana, usije ukamfanya yeye ndiye akubembeleze. Ukimaliza mshike mkono umtoe nje mpaka kwenye waridi lake, mkono wake uuingize mle kwenye majani, limchome. Likimchoma atajua liko hai. Ataguna, atalipapasa lilivyonyolewa, atakusema maneno. Mwache akuseme. Siku mama mkwe wako akikugombeza kwa sauti nzima, ujue ameona yuko kwake.

Waridi lenyewe halitaki makuu, na hapo ndipo ulipolikosea, umelihangaikia kama maharusi. Lipo juani? Inatosha. Sasa limeshika mizizi, lipe maji jua likikaza, tena chini kwenye shina, majani usiyaogeshe. Samadi iliyooza vizuri mara moja kwa mwaka, majani makavu juu yake kulinda unyevu, na hiyo mbolea ya dukani iache, inanenepesha majani tu. Tawi lililokauka kabisa ondoa. Mengine yaache yakimbie, na yakirefuka yainamishe uyafunge kwenye uzio, maana tawi la namna hiyo likilazwa ubavu linachanua urefu wake wote. Likizidi sana, ngoja limalize kuchanua, ndipo upunguze, na pa kukata akuonyeshe Mama kwa kidole chake. Mwaka ujao usitegemee makubwa, umelinyoa mno. Likikupa maua mawili matatu, shukuru, harufu yake inatosha chumba.

Mumeo naye asijifiche karakana. Huyo ni mama yake, si mgeni wa mkewe. Amwambie kwa mdomo wake kwamba hakuna chumba cha kwa mjomba, chumba chake ni hiki. Kamba ya nguo akaifunge kazini kwake. Na marashi yaliyobaki mpake yeye, mtu anayetoka kwenye oili chafu ndiye anayeyahitaji.

Halafu nawe naona una hamu na waridi, hamu hiyo nzuri, usiifukie. Tawi moja la chini likirefuka, msilikate. Mama alikunje mpaka likalale udongoni, wewe ukwaruze gome kidogo kwa upande wa chini, mlifukie, ncha ibaki nje, mlikandamize kwa jiwe. Litaota mizizi yake huku bado linanyonya kwa mama yake, na likishika ndipo utalitenga. Mama alilipata waridi lake kwa mkono wa mama mkwe wake. Wewe ulitaka kulipata kwa mkono wa muuza miche.

Na hilo dirisha, usimwambie alifungue. Lifungue wewe, kila asubuhi, kabla hujagusa cherehani. Tena kuanzia sasa wa kujibu si wewe, maana pua iliyokaa na harufu ile miaka yote ni yake, si yako. Simama pale umuulize wewe: "Mama, bado?"