Njiti ya Kiberiti Yenye Moyo

Jumatatu, 4 Machi 2013
Nalehemu tangu asubuhi. Redio za watu zingoje, kifaa cha mama kwanza. Amelazwa zahanati, anahema vibaya, na kipima mapigo chao kimekufa. Hiki nimekiunda mwenyewe. Kidole kinabanwa: huku taa nyekundu, huku diodi inayopokea mwanga. Damu ikipita, mwanga unabadilika kidogo mno, ndipo chipu niliyonunua Mbarara inaikuza ishara hiyo. Nimejaribu kidole changu. Tii, tii. Nimecheka peke yangu.

Jumanne, 5 Machi
Wodini kinalia vizuri. Gari la kwenda hospitali kubwa ya Mbarara kesho ni la wenye mapigo dhaifu. Nesi kasikiliza, kasema, "Huyu mama iko sawa, abaki hapa." Lakini vidole vyake ni baridi. Sipendi.

Jumatano, 6 Machi
Gari limeondoka bila mama.
Baadaye akina mama wa kanisa wamekuja kumwombea. Wakamfunika mikono kwa kitenge, kama kawaida yao. Kifaa kikanyamaza. Nikavuta kitenge: tii, tii. Wakafunika tena: kimya. "Mashini yako haipendi maombi," kasema kiongozi wao, wakatoka wamenuna. Mama alikuwa anahema muda wote. Basi kilichonyamaza ni nini?

Alhamisi, 7 Machi
Nimebana njiti ya kiberiti badala ya kidole. Njiti ina moyo! Tii, tii, tii.
Ni taa ya dari ya wodi. Jenereta inakohoa, taa inapepesa, diodi inaiona. Chipu haichagui, inakuza chochote inacholetewa. Tulikuwa tunasikiliza taa, na mimi ndiye niliyemkosesha mama gari.
Nimemwambia nesi. Nimeweka rezista kubwa zaidi ili chipu ikuze zaidi, nikafunika kidole kwa kitenge kilekile. Pigo la kweli likaja. Dogo. Linapotea, linarudi. Nesi kasikiliza, kapiga simu kuita gari.

Jumapili, 10 Machi
Mbarara. Mama yuko kwenye oksijeni. Mashine yao kubwa inalia, siiamini.
Ameniuliza, "Na kale karedio kako?"
Nikamwambia kamelala.
"Basi unifunike mukono. Baridi iko mingi."
Nimemfunika. Chini ya kitenge nimemshika kifundo cha mkono kwa vidole vyangu. Kunadunda. Chai imeletwa, imepoa, sijamwachia.